Kubadilisha kompresa ya AC ya Toyota IST nyumbani bila kuiua ile mpya

Kompresa mpya ikifa ndani ya miezi mitatu, lawama zote humwangukia muuza spea: kauza feki. Wakati mwingine ni kweli. Mara nyingi zaidi imeuawa na chengachenga za chuma zilizoachwa na kompresa ya kwanza, au na mafuta yasiyo yake, au na feni ya kondensa (ile rejeta ya AC mbele ya gari, inayopoza gesi) ambayo haizunguki na hakuna aliyeinama kuitazama. Kufungua kompresa na kuifunga ni kazi ya saa mbili kwa anayejua kushika spana. Uhai wake unategemea mambo yasiyoonekana kwa macho: usafi wa mabomba, kipimo cha mafuta, na unyevu uliotolewa kabla ya gesi kuingia.

Nachukua IST ya toleo la kwanza, NCP60 na NCP61, yenye injini ya 2NZ au 1NZ, kwa kuwa zimejaa barabarani. Probox na Raum za 1NZ hazitofautiani sana. Mwenye Aqua au Prius asifuate maelezo haya. Kompresa za magari hayo huendeshwa kwa umeme mkubwa unaopita kwenye nyaya za rangi ya chungwa, umeme wa kuua mtu, na mafuta yake ni ya aina nyingine kabisa. Ukiitilia mafuta ya kompresa ya mkanda, unaharibu kinga ya umeme ndani yake.

Kwanza, hakikisha imekufa kweli

AC kutopoza hakuthibitishi kwamba kompresa ni mbovu. Washa injini, washa AC, tazama uso wa klachi mbele ya puli. Puli huzunguka muda wote. Bamba la mbele huzunguka pale tu klachi inaposhika, na utasikia "tak". Isiposhika, anza na fyuzi na rilei. Kisha chomoa soketi ya waya wa klachi na upime. Ikiwa volti 12 zinafika na klachi haishiki, pima ukinzani wa koili: nyingi huwa kati ya omu 3 na 5. Mita ikionyesha kwamba hakuna njia kabisa, koili imekatika, na koili huuzwa peke yake bila kununua kompresa nzima.

Kama umeme haufiki, tatizo liko nyuma ya klachi. Mara nyingi ni gesi kuwa kidogo. Swichi ya presha hukata umeme makusudi ili kompresa isizunguke pakavu. Baadhi ya mafundi huunganisha waya moja kwa moja kuikwepa swichi hiyo, na AC "inawaka". Inawaka kweli, ila gesi ndiyo inayosafirisha mafuta ndani ya mfumo, kwa hiyo kompresa inayozungushwa bila gesi inajisaga yenyewe.

Kuna hitilafu moja inayowachanganya wengi: asubuhi AC ni barafu, saa nane mchana kwenye foleni inakata, ikipoa inarudi. Pima mwanya kati ya bamba la klachi na puli kwa geji ya vipande. Unatakiwa uwe takriban milimita 0.3 hadi 0.6. Ukiliwa ukapanuka, koili ikipata joto sumaku yake inakosa nguvu ya kulivuta bamba. Dawa ni kufungua bolti ya katikati, kuvuta bamba, na kuondoa washa moja nyembamba iliyo nyuma yake. Hakuna gesi inayotoka.

Kelele nayo husema. Ikilia AC ikiwa imezimwa, mtuhumiwa wa kwanza ni beringi ya puli. Ikianza kulia klachi inaposhika tu, ugonjwa uko tumboni mwa kompresa.

Halafu geji za presha: ya bluu hupima upande wa kunyonya, nyekundu upande wa kusukuma. Injini ikiwa imezimwa kwa muda na gari limepoa, pande zote mbili husoma presha moja, na presha hiyo hufuata joto la hewa: kwa nyuzi 30 gesi ya R134a husimama karibu psi 97, kwa nyuzi 25 karibu psi 82. Sasa washa, AC kwenye baridi kali, feni ya ndani mwisho, milango wazi, injini kwenye mizunguko 1500. Katika joto la nyuzi 30 hadi 35, upande wa bluu unatakiwa usome kati ya psi 21 na 36, na mwekundu kati ya 199 na 228. Ukikuta bluu iko juu, tuseme 60 na kuendelea, na nyekundu imegoma kwenye 100 au 140, kompresa inazunguka lakini haisukumi. Hiyo ni ya kubadilisha. Zote mbili zikiwa chini, gesi ni kidogo, tafuta inapovuja. Zote zikiwa juu, ama gesi imezidi ama kondensa haipoi. Kabla ya lolote tazama feni na matope kwenye mapezi. Bluu ikishuka hadi chini ya sifuri, kuna kizuizi, aghalabu kwenye ekspansheni valvu, tundu dogo linalopitisha gesi kuelekea evaporeta, ile rejeta ndogo ya ndani inayopoza hewa ya gari.

Gesi iliyobaki

Usiilegeze nati na kuiachia hewani. R134a huchemka kwenye nyuzi 26 chini ya sifuri, na ikigusa ngozi au jicho inagandisha nyama. Ikipita kwenye moto, hata wa sigara, inageuka kuwa mvuke wa sumu. Tena ni miongoni mwa gesi ambazo mataifa yalikubaliana Kigali mwaka 2016 kuzipunguza, kwa kuwa kilo moja yake hupasha joto anga zaidi ya mara elfu moja kuliko kilo ya hewa ukaa. Njia rahisi ni kupeleka gari kwa fundi AC mwenye mashine ya kunyonya, akaitoa na kuipima uzito, kisha ukarudi nalo nyumbani bila kugusa swichi ya AC. Uzito huo ni habari: kama kibao chini ya boneti kinasema gramu 450 na zimetoka 120, unajua kuna mahali panapovuja, na kubadilisha kompresa peke yake hakutaziba.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kufungua

Kompresa yenyewe: linganisha idadi ya mifereji ya puli, mahali pa matundu ya bolti, umbo la mdomo wa mabomba na soketi ya umeme, ukiwa umeshika ya zamani mkononi au picha zake. Ukinunua iliyotumika, iwe imetoka Japani au Sharjah, angalia kama midomo ilikuja imezibwa. Kompresa iliyokaa rafuni wazi imekunywa unyevu na vumbi. Zungusha bamba la mbele kwa mkono: liende kwa uzito laini ulio sawa, bila kukwaruza wala kukwama. Chomeka kidole kwenye mdomo ukitoe na mafuta. Yakiwa meusi au yanang'aa kama rangi ya fedha, mrudishie mwenyewe.

Ongeza drayeri mpya, oringi mpya za R134a za vipimo vya gari lako (nyingi ni za kijani), chupa ndogo ya mafuta ya PAG 46 (ya sintetiki, yanayochanganyika na R134a), na gesi. Kompresa nyingi za Denso za kipindi hicho zimeandikwa ND-OIL 8, ambayo ni PAG ya uzito huo, ila lebo iliyobandikwa kwenye kompresa ndiyo yenye neno la mwisho. Mafuta ya kompresa ya friji ya zamani hayachanganyiki na R134a. Yatakwenda kulala kwenye evaporeta na kompresa ibaki kavu. Nunua chupa ndogo kwa sababu PAG hunyonya unyevu wa hewa kwa pupa, na hewa ya pwani unyevu wake si wa kuuliza. Chupa iliyofunguliwa mwezi uliopita, iache.

Drayeri watu huipuuza kwa kuwa ni kitu kidogo. Kwenye Toyota nyingi za miaka ya 2000 ni kopo jembamba lililoungana na ubavu wa kondensa, ndani yake mfuko wa punje zinazonyonya maji. Kifuniko chake kiko chini na hufunguliwa kwa funguo nene ya Allen. Mfumo ukifunguliwa, punje hizo zinaanza kunywa maji ya hewani na hazikaushiki kwa vakyumu ya nusu saa. Maji yakibaki, yataganda kwenye tundu dogo la ekspansheni valvu na AC itakuwa inapoza na kukata. Yakikaa zaidi, yatatengeneza asidi na kula alumini.

Kuitoa

Toa nguzo hasi ya betri. Pandisha upande wa kulia mbele, weka stendi chini ya chesisi, jeki peke yake usiiamini, toa tairi na kava la plastiki la chini. Kompresa imekaa mbele ya injini, chini ya altaneta. Legeza bolti kubwa ya egemeo la altaneta na ile ya mkono wa kukazia, sukuma altaneta kuelekea injini, toa mkanda. Ukiwa hapo zungusha puli ya altaneta na ya pampu ya maji kwa mkono. Huu ndio wakati wa kugundua beringi zao.

Kabla ya kulegeza mabomba, safisha eneo lote kwa brashi na kitambaa. Mchanga mmoja ukiingia bomba la kunyonya, unaingia moja kwa moja kwenye kompresa mpya. Bomba nene ni la kunyonya, jembamba ni la kusukuma, kila moja limeshikwa kwa bolti ya kichwa namba 10. Legeza taratibu uso ukiwa pembeni na miwani usoni, maana mashine haimalizi gesi yote. Mara tu bomba linapotoka, liwekee kipande cha nailoni na ulifunge kwa mpira au tepu. Chomoa soketi, fungua bolti za namba 12 zinazoishika kwenye injini, ukianza na za juu na kuacha moja ya chini ibebe uzito, kisha ishushe kwa mikono miwili.

Sasa fanya jambo ambalo litaamua bajeti yako. Mimina mafuta ya kompresa ya zamani kwenye chombo cheupe cha kupimia, ukiizungusha klachi kwa mkono hadi yaache kutoka. Yatazame juani.

Yakiwa safi, manjano au ya kijani kwa sababu ya rangi ya kutafutia uvujaji, una bahati: kompresa, drayeri, oringi, basi. Yakiwa meusi yenye unga wa fedha, kompresa ilijisaga na unga umeshasafiri. Kondensa ya gari hili ina vijinjia vyembamba sana vilivyo sambamba, na hakuna dawa ya kuviosha vyote: kioevu kitapita penye njia nyeupe na kuacha palipoziba. Badilisha kondensa, drayeri na ekspansheni valvu, kisha osha mabomba na evaporeta kwa kioevu cha kuoshea AC, ukikisukuma kwa naitrojeni. Petroli, thina na dawa ya kusafishia breki si za kazi hii. Zinakula mipira na mabaki yake yanaharibu mafuta. Hewa ya kompresa ya kujazia matairi ina maji. Na mtu asije akakuletea mtungi wa oksijeni wa kuchomelea: oksijeni yenye presha ikikutana na mafuta inalipuka.

Ndiyo, bili imekuwa mara mbili. Hapo ndipo watu husema "weka kompresa tu kwanza tuone", na hapo ndipo kompresa ya pili inapohukumiwa kifo.

Hesabu ya mafuta

Kompresa mpya ya kiwandani huja na mafuta ya mfumo mzima. Lakini nusu ya mafuta ya zamani bado yamo kwenye evaporeta, kondensa na mabomba. Ukifunga ilivyo, yanazidi: mafuta yatafunika kuta za evaporeta, ubaridi utapungua, na kompresa inaweza kupigwa na kioevu ambacho haiwezi kukibana.

Mfano: mpya ina mililita 120, na kutoka ya zamani zimetoka 45. Toa 75 kwenye mpya, ibaki na 45 zilezile. Kama umebadilisha kondensa, ongeza 40. Evaporeta mpya pia 40. Bomba moja 10. Kama umeosha mfumo wote ukawa mkavu, iache na kiasi kamili kilichoandikwa. Zile za viwanda vingine nyakati fulani huja na mafuta kiduchu ya kulinda chuma tu, hivyo mimina, pima, kisha rudisha unachohitaji. Usiamini neno la dukani kwamba "imeshawekwa".

Ukishamimina mafuta kupitia mdomo wa kunyonya, zungusha bamba la mbele kwa mkono mara kumi. Mafuta yaliyotulia chini yakibanwa kwa ghafla siku ya kwanza ya kuwasha, yanavunja kitu.

Kufunga

Paka oringi mpya mafuta yaleyale ya PAG, kamwe si grisi. Zikae kwenye mifereji yake bila kujipinda. Bolti za kompresa kaza nyutoni mita 25, za mabomba 9.8 tu, hizo za mabomba ni nyembamba na zinaingia kwenye alumini, ukizikaza kwa hasira nyuzi zinang'oka. Usiondoe vizibo vya kompresa mpya hadi bomba liwe tayari mkononi. Rudisha mkanda, ukaze kiasi kwamba ukibonyeza kwa gumba katikati ya puli mbili unazama kama sentimita moja. Ukilegea utateleza na kuunguza klachi. Ukizidi kubana unaua beringi ya altaneta.

Kabla ya vakyumu, jaza naitrojeni kupitia regulata hadi psi 150, paka povu la sabuni kwenye kila kiungo ulichogusa, halafu funga valvu za geji na uache nusu saa. Mshale usitikisike.

Vakyumu pampu ifanye kazi dakika 45 angalau. Baada ya kuosha mfumo, saa nzima. Kazi yake kubwa ni kuchemsha maji yaliyomo: kwa joto la nyuzi 30 maji hayachemki hadi presha ishuke chini ya kilopaskali 4 hivi, yaani karibu na utupu kamili. Hapa kuna mtego wa kijiografia. Dar au Mombasa geji nzuri itafika karibu inchi 29 za zebaki. Nairobi, kwenye mwinuko wa mita 1700 hivi, pampu ileile itagota karibu 24, kwa sababu hewa ya nje yenyewe ni nyepesi. Wa Nairobi asiibadilishe pampu yake bure akidhani imechoka. Funga valvu, zima pampu, subiri dakika 20. Mshale ukipanda kidogo kisha ukasimama, bado kuna unyevu, endelea kuvuta. Ukipanda bila kusimama, kuna tundu.

Gesi na kuwasha

Ijaze kwa mizani ya dijitali, kwa gramu zilizoandikwa kwenye kibao chini ya boneti. Magari madogo mengi huwa kati ya 400 na 600, na kwa mfumo mdogo hivyo, gramu 80 za ziada zinaonekana kwenye geji. Kukadiria kwa kugusa bomba kama limepoa ni kubahatisha.

Gesi yenyewe ipime kabla. Acha mtungi kivulini hadi ulingane na joto la hewa, kisha soma presha yake: kwa nyuzi 30, R134a halisi iko psi 97. Ukikuta 140 hivi, humo kuna propani, gesi ya kupikia. 158 ni R22 ya viyoyozi vya nyumbani. Hili si suala la ubaridi tu. Mwaka 2011 makontena ya baridi yalilipuka na kuua wafanyakazi, Vietnam na Brazil, baada ya kujazwa gesi bandia iliyokuwa na R40, ambayo ikikutana na alumini huzaa kemikali inayowaka yenyewe ikigusa hewa.

Toa hewa kwenye mpira wa manjano, fungua valvu ya bluu injini ikiwa imezimwa, utupu utavuta gramu mia moja au mbili. Gesi ikigoma kuingia, washa injini na AC, mtungi ukiwa wima ili iingie kama mvuke, umalizie kupitia upande wa bluu tu. Valvu nyekundu ibaki imefungwa muda wote injini inapozunguka. Presha ya upande ule ikirudi kwenye kopo dogo, kopo linapasuka.

Dakika chache za kwanza acha injini kwenye sailensa, usikanyage mafuta. Kisha washa AC sekunde 10, izime sekunde 10, mara 15 au 20, ili nyuso mpya za klachi zizoeane. Hakikisha feni ya kondensa inazunguka na inapuliza kuelekea injini. Soma geji tena, linganisha na namba za mwanzo. Kipimajoto kwenye tundu la katikati la dashibodi kikisoma kati ya nyuzi 6 na 10 mchana wa joto la 30, ni sawa. Siku za mvuke mzito wa pwani, 12 isikushtue, kwa kuwa sehemu kubwa ya nguvu inaishia kuyakamua maji unayoyaona yakidondoka chini ya gari.

Baada ya wiki moja kaza upya mkanda, kwa kuwa mpya hutanuka, na pitisha kitambaa cheupe kwenye viungo viwili vya mabomba na mbele ya klachi. Alama ya mafuta ni alama ya gesi inayotoka. Na wa Arusha, Mbeya au Nairobi, ambako miezi ya baridi AC husahaulika: iwashe dakika kumi kila wiki, hata kama unavaa sweta. Sili ya shafti inategemea mafuta yanayozunguka, ikikaa kavu inakauka, na gesi inatoka polepole hadi siku utakapoihitaji.